Sefania Shemweta na Njia ya Korongo la Chui

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu viongozi wa kijiji, jirani zetu wa Malindi na ninyi mliotoka mbali, shikamooni wakubwa zangu. Naitwa Dorkasi Rubeni, mwalimu. Marehemu ni kaka yangu, ndiye niliyemfuata ziwa. Karatasi mlizogawiwa nimezichapa mwenyewe pale shuleni, na yaliyomo alinisimulia yeye mwenyewe mwezi wa tano, akiwa amelala chali kwa sababu ubavu haukumruhusu kulala vinginevyo. Baadhi ya ndugu walishauri tufupishe. Mjane alisema, "Someni yote. Aliyaomba yasomwe." Kwa hiyo ninayasoma yote.

Marehemu Sefania Rubeni Shemweta alizaliwa hapa Malindi, wilayani Lushoto, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1941. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Rubeni Shemweta na mama Elizabeti, na wa kwanza kupona, kwani waliomtangulia wote wawili walifariki kabla ya kutambaa. Mama yetu naye alituacha mapema, ule mwaka watu walipolazimishwa kulima matuta. Baba alitulea kwa msaada wa shangazi. Wengi mnamkumbuka baba kama mpiga kengele wa Kanisa la Kilimani, hili la mawe lililo mbele yetu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda kisichopona, na kilima mnakijua. Hivyo Sefania alipofikisha miaka tisa alianza kupanda badala yake. Alitoka nyumbani baba akimaliza kuvaa viatu, na kengele ililia kabla baba hajafika kijitoni.

Siku moja alikosea. Aliamka, akaona shangazi amefua nguo za ibada na kuzitandaza, akadhani ni Jumapili. Akapanda mbio, akapiga kengele kwa nguvu zake zote. Watu wakatoka mashambani, wakanawa miguu, wakavaa, wakapanda kilima. Mchungaji wa wakati ule naye akaja akifunga vifungo, akawakuta wamejaa ndani, na siku ilikuwa Jumamosi. Akawatazama, akasema, "Basi kwa kuwa mmekuja, tuimbe." Wakaimba nyimbo tatu, wakarudi kulima. Sefania alichapwa, lakini kwa miaka mingi baadaye wazee waliokosea siku walikuwa wakiambiwa, "Hiyo ni Jumapili ya Sefania."

Alisoma shule ya msingi hapa Malindi kuanzia mwaka 1950, kisha shule ya kati huko Lushoto, akamaliza darasa la nane mwaka 1958. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alichojulikana nacho ni miguu. Siku za kufunga shule alitembea kutoka Lushoto hadi hapa huku wenzake wakingoja lori la mboga, na mara mbili alifika kabla ya lori.

Shuleni ndipo alipopata rafiki, Anselm, mtoto pekee wa mama Imelda wa huko bondeni. Wao ni Wakatoliki, sisi ni Walutheri, na baba yetu hakulipenda sana jambo hilo mwanzoni. Lakini vijana wale hawakutenganika. Anselm alikuwa mfupi, mwepesi, mcheshi kupita kiasi. Alimwita kaka yetu Sefa, na hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo.

Mwezi Januari 1960 marehemu aliajiriwa kuwa tarishi wa baraza. Alipeleka barua na hati za wito kutoka Malindi hadi Lushoto na vijijini, kwa miguu, mvua na jua. Uhuru ulipopatikana aliendelea na kazi ileile, ila sasa alivaa beji ya TANU kifuani na kuwaambia watu kwamba barua anazobeba ni zao wenyewe.

Na mwaka wa kwanza wa sikukuu ya Uhuru, yaani tarehe 9 Desemba 1962, ndipo yalipoanza mashindano ya mbio za mzunguko. Wageni niwaeleze. Wakimbiaji walianzia uwanja wa shule, wakateremka hadi kijitoni, wakapanda mteremko huu tulioupanda na jeneza asubuhi. Hapa kanisani walizunguka jengo lote mara moja, wakapita nyuma ya makaburi, na mzee wa kanisa akampa kila mmoja kipande cha kitambaa chekundu kuwa ushahidi kwamba amefika. Kutoka hapa waliingia msituni kwa njia ya mgongoni mwa kilima, juu ya Korongo la Chui, kisha wakashuka kupitia mashamba ya maharage hadi shuleni. Ni maili tisa, na hapana hata moja iliyo tambarare. Watu wenye nguvu zao walikuwa wakitapika kwenye ukuta wa kanisa.

Sefania alishinda mwaka 1962, 1963 na 1964. Mwaka 1965 alishinda Anselm, na namna alivyoshinda ilichekesha wilaya nzima. Walikuwa wawili tu mgongoni, Sefania mbele, na Anselm akapiga ukelele, "Sefa! Sefa, nimeanguka!" Kaka yetu akageuka, akarudi mbio kumsaidia, na Anselm akampita akicheka kwa sauti mpaka chini. Sefania naye alicheka. Walikula mbuzi wa ushindi pamoja. Lakini alimwambia mbele za watu, "Hunipati tena na hiyo."

Mwaka 1967 mashindano yalikuwa makubwa kuliko yote. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uleule, vijana walikuwa wakitembea mamia ya maili kuliunga mkono, na bwana michezo wa wilaya alikuja na gari lake akasema mshindi wa Malindi atapelekwa Tanga kwenye mashindano ya mkoa, na akifanya vizuri ataendelea mbele. Marehemu alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliniambia, "Dorkasi, nilikuwa nimebeba barua za watu miaka saba. Nilitaka siku moja nibebwe mimi."

Walikimbia kumi na sita. Ilikuwa Jumamosi, vuli imechelewa kwisha, ukungu umefunika kilima hivi kwamba mzee aliyesimama hapa na vitambaa aliwasikia kabla ya kuwaona. Sefania na Anselm walifika kanisani pamoja, wakapokea vitambaa pamoja, wakaingia msituni pamoja. Mgongoni Sefania akatangulia hatua kama ishirini. Njia ilikuwa tope na mizizi.

Yanayofuata naandika kama alivyonieleza, bila kuongeza.

Alisikia nyuma yake, "Sefa! Nimeanguka!" Akakumbuka mwaka 1965. Akacheka, hakugeuka.

Kisha akaitwa mara ya pili. Sauti ilitoka chini, si nyuma. Ilisema, "Sefa, mguu wangu."

Marehemu alisema, "Wito wa kwanza nilidhani ni mzaha. Wa pili nilijua. Sitaki mtu yeyote aseme sikujua. Nilijua, nikaongeza mwendo."

Alifika uwanjani wa kwanza. Watu walimbeba mabegani. Wengine wenu hapa mlimbeba. Mwalimu aliyesimamia akamwuliza, "Anselm yuko wapi?" Akajibu, "Nilimwacha nyuma." Lilikuwa neno la kweli, na ndilo uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Waliomfuata hawakusikia kitu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha na bila shaka Anselm alikuwa amezimia kwa muda. Walipohesabiwa wakawa kumi na watano. Watu wakasema, amekasirika kwa kushindwa, amekata njia ya bondeni kwenda kwao. Mama yake naye alidhani amebaki kijijini kwenye ngoma ya Uhuru. Alasiri ileile bwana michezo akamchukua Sefania kwenye gari kwenda Lushoto kuandikishwa. Aliniambia alitaka kusema walipofika kona ya kwanza. Akajiambia atasema kona inayofuata. Mnajua barabara yetu ina kona ngapi.

Anselm alikutwa Jumapili asubuhi na waumini waliokuwa wakija ibadani. Alikuwa chini ya njia kiasi cha urefu wa mti, paja limevunjika, mwili umepoa, kitambaa chekundu bado kimo mkononi. Walimfunga kwenye machela ya miti na mashuka wakampandisha hapa, kwa kuwa kanisa ndilo lilikuwa karibu. Walimlaza kwenye benchi la mbele. Baba yetu alimpa maji. Anselm alisema maneno machache, watu watano wakasikia: "Mwambieni Sefa sikuwa namtania." Alifariki kabla ibada haijaanza. Baba yetu alipiga kengele ya msiba, Mlutheri akimpigia Mkatoliki, na mchungaji hakumzuia.

Marehemu alirudi Jumatatu akakuta maziko. Alibeba jeneza upande wa kichwa. Baada ya maziko mama Imelda alimwita kando. Alimwambia, "Mwanangu, mwenzako aliacha ujumbe wako. Alisema uambiwe hakuwa anakutania. Maana yake nini?"

Kaka yetu akajibu, "Sijui, mama."

Akamwambia, "Ukikumbuka, uje uniambie. Ndiyo maneno yake ya mwisho, nami siyaelewi."

Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alimtazama mwanawe muda mrefu na hakumwuliza neno. Baba alifariki Agosti 1970 bila kuuliza.

Januari 1968 marehemu alikwenda Tanga. Alisimama kwenye mstari pamoja na wakimbiaji wa mkoa mzima, akakimbia nusu ya safari, akatoka barabarani, akakaa chini. Walimwuliza kama ameumia, akasema hapana. Hakukimbia tena maishani mwake. Kazi ya utarishi aliiacha mwezi wa tatu, akarudi kulima, na mashindano ya hapa hayajafanyika tena tangu siku ile.

Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa hapa Kilimani na Raheli, binti kutoka Mgwashi, ambaye hakujua habari za kifo cha Anselm kwa kuwa hakuwa mtu wa huku. Raheli alimkuta mume mpole, mchapakazi, asiyekunywa, mwenye jambo moja la ajabu: hakukubali kupita njia ya mgongoni. Alizunguka kwa barabara ya gari, saa mbili zaidi, hata akiwa na mzigo wa viazi kichwani.

Mwezi Agosti 1971 mtoto wao wa kwanza, Yudith, akiwa na mwaka mmoja, alishikwa na homa ya degedege. Zahanati iko upande wa pili wa mgongo huu. Marehemu alimbeba mtoto, Raheli nyuma yake, na walipofika penye njia panda yeye akashika barabara. Raheli akamvuta shati.

"Baba Yudith, unakwenda wapi? Njia ni hii!"

"Tupite huku."

"Mtoto anakufa mikononi mwako, nawe unazunguka?"

Raheli alimnyang'anya mtoto, akaingia msituni peke yake. Marehemu alibaki pale njia panda, miguu imekataa. Raheli yupo hapa anasikia, naye ameniruhusu kusema kwamba siku ile alimdharau. Yudith alipona, asante Mungu. Mnamwona, amekaa karibu na bibi yake, yule shangazi aliyetulea. Walipotoka zahanati na kurudi nyumbani, Raheli alimwambia mumewe, "Niambie kuna nini kwenye njia ile, au nirudi kwetu na mwanangu." Ndipo alipomwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kujua, baada ya miaka mitatu na miezi minane.

Raheli alisema, "Mimi siwezi kukufanya lolote. Nenda kwa mwenyewe."

Jumamosi, tarehe 4 Septemba 1971, alikwenda bondeni kwa mama Imelda. Alimkuta uani akipukuchua maharage. Akasema, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, "Mama, uliniuliza maana ya maneno ya Anselm, nikakwambia sijui. Ninayajua." Akamweleza mwanzo hadi mwisho.

Mama Imelda hakuacha kupukuchua mpaka ungo ulipokwisha. Kisha akauliza, "Mara ya pili aliita akisemaje?"

"Alisema, 'Sefa, mguu wangu.'"

"Alisema mguu."

"Ndiyo, mama."

"Basi kichwa hakikuumia kwanza. Alikuwa na akili zake." Akaweka ungo chini. "Usiku mzima alikuwa na akili zake."

Marehemu alipiga magoti. Mama akamwambia, "Inuka, usinichafulie maharage. Sitaki kukuona ukilia hapa. Nilikuwa na mtu wa kunilimia, sina. Shamba la chini halijaguswa. Uje Jumamosi."

Alikwenda Jumamosi ile na zote zilizofuata, kwa zaidi ya miaka minne. Miaka ya mwanzo alifika, akasema shikamoo, mama Imelda akatazama pembeni. Alilima, akapalilia, akavuna, akaaga, hakuitikiwa. Ninyi mnajua katika nchi yetu ni jambo zito kiasi gani mtu mzima kunyimwa marahaba, tena mbele ya jirani. Wapo waliomshauri aache kwenda. Alisema, "Hajaniambia niache."

Jumapili ya tarehe 12 Septemba 1971 alisimama mbele ya usharika huu, akasema alilofanya. Wazee walimweka nje ya Meza ya Bwana miezi sita. Baadhi ya watu walihama benchi alilokalia na hawakurudi hata baada ya miezi sita kwisha. Mmoja alimtemea mate dukani. Hakulalamika, lakini nisiwadanganye kwamba aliyabeba kwa furaha. Alikuwa akikaa jikoni hata chakula kikapoa.

Mwaka 1973, kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha Ujamaa na kila mtu akapangiwa kazi ya kujitolea, marehemu aliomba kwenye mkutano kwamba njia ya mgongoni itengenezwe. Mwenyekiti alisema shule haina choo, na njia ya miguu ingoje. Watu walikubaliana na mwenyekiti, na walikuwa na haki. Basi Sefania alichimba choo cha shule pamoja na wenzake asubuhi, na alasiri akapanda huku peke yake na mtaimbo na jembe. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale tangu siku ile. Raheli anasema siku ya kwanza alirudi bila kuchimba chochote, na ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alichonga ngazi moja.

Alichonga ngazi, akapanga mawe, akasimamisha nguzo za mikaratusi upande wa korongo na kuzifunga fito. Baada ya miezi kadhaa balozi wa nyumba kumi wa huku juu akamletea watu wawili, kisha sita. Mwaka 1974, mwaka wa njaa tulipokula unga wa mahindi ya njano, wote waliacha, kwani mtu mwenye njaa habebi jiwe. Yeye aliendelea, taratibu. Mvua za masika ya 1975 zikabomoa nusu ya alichojenga, naye akaanza upya. Haikukamilika. Mliopita leo mmeona mahali fito zinapoishia.

Ni katika njaa hiyohiyo ya 1974, Jumamosi moja, marehemu alifika bondeni na kibaba cha unga kutoka katika mgawo wa nyumba yake, akasema shikamoo kama kawaida, na mama Imelda akasema, "Marahaba." Marehemu aliangusha jembe. Mama akamwambia, "Usifurahi. Nimekuitikia, sijakusamehe. Ni vitu viwili."

Ugonjwa ulianza Novemba 1975 kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Alidhani ni kazi ya mawe. Kufikia Januari 1976 alikuwa amekonda, macho ya njano. Alitibiwa Lushoto, akapelekwa Tanga mwezi wa tatu, akapasuliwa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ini limeharibika na kwamba arudi nyumbani. Alirudi tarehe 9 Aprili. Jirani wanne walimpandisha kutoka barabarani kwa machela, na aliomba wasiimbe.

Mwezi wa tano mama Imelda alipanda mwenyewe kutoka bondeni, akiwa na miaka sabini, na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Marehemu hakuweza kuunywa. Nilikuwepo. Alimwuliza, "Mama, umenisamehe?"

Mama akaifunga chupa. Akasema, "Najaribu. Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Leo naweza. Usiniulize kesho."

Kaka yangu alisema, "Inatosha, mama." Aliushika mkono wake mpaka alipopitiwa na usingizi. Mama alipoondoka alininong'oneza, "Chupa hiyo uisafishe, nitaifuata." Amekuja mara nne zaidi kuifuata, na kila mara aliiacha tena.

Marehemu Sefania alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 6 Julai 1976, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Maumivu yalikuwa makali na sitayapamba. Siku mbili za mwisho hakumtambua yeyote isipokuwa Raheli. Alikuwa ameniagiza hivi: "Usiandike kwamba nilikuwa mtu mwema. Andika nilichofanya, kila kimoja mahali pake, watu watajua wenyewe." Nimejaribu kumtii. Ila mimi ni mdogo wake, na naomba mnivumilie niseme moja: alinifundisha kusoma saa kwa kivuli cha mnara huu kabla sijaanza shule, na hakuwahi kunipigia kelele.

Ameacha mjane, Raheli. Watoto wawili, Yudith wa miaka sita na Kristofa wa miaka mitatu. Dada mmoja, mimi. Na shangazi yetu aliyetulea. Tunamtaja pia mama Imelda, ambaye amekaa na familia tangu juzi na ameomba asipewe kiti cha mbele.

Raheli anatarajia mtoto wa tatu mwezi wa tisa. Wengi mmekuja kumnong'oneza kwamba akiwa wa kiume aitwe Anselm, ili mambo yapatane. Marehemu alilijua hilo na alilikataa. Alisema mtoto asibebeshwe mtu yeyote, si Anselm wala yeye. Apewe jina jipya kabisa, jina ambalo hapa kwetu bado hakuna aliyelililia.

Bwana, mpokee Sefania, na umpe mahali pa kupumzika.